Debe la Mike na Uti wa Mgongo wa Turkana

Mwaka 1964, katika msitu wa Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe mtu dume waliyemwita Mike alipanda cheo kwa njia ambayo wanasiasa wetu wataielewa bila kufafanuliwa. Hakuwa na mwili mkubwa, na kundini alikuwa wa kusukumwa kando. Siku moja akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa kwenye kambi ya mtafiti wa sokwe, Jane Goodall. Akawa anayasukuma na kuyabamiza mbele yake huku akiwakimbilia wenzake, wakati mwingine matatu kwa pamoja, na makelele yale yaliwatimua madume wenye nguvu kuliko yeye. Goliath aliyekuwa kinara akaporomoka, Mike akakalia kiti chake. Sisi husema debe tupu haliachi kuvuma, tukimbeza mtu. Mike alivuma nalo mpaka akatawala, na Goodall ikambidi ayafiche madebe.

Kisa hiki hunijia kila ninaposoma mabishano ya wanasayansi kuhusu binadamu alivyoupata muziki. Mike alikuwa na karibu kila kitu: chombo cha kupiga, mikono, watazamaji, na faida iliyoonekana wazi. Alikosa jambo moja. Hakuna sokwe aliyeokota debe la pili akaingia naye kwenye pigo. Nimesoma mambo haya ya baiolojia ya muziki kwa muda sasa, kwa mapenzi tu maana kazi yangu ni nyingine, na nimefika mahali pa kuamini kwamba alichokosa Mike ndicho cha kuanzia. Wengi hutafuta asili ya muziki kwa kufuata ala au uzuri wa sauti. Mimi naona waanzie kwenye kuitikia: uwezo wa kulisubiri pigo lijalo, kulipata pamoja na mwenzako, na kufurahi mmelipata.

Zogo lenyewe alilianzisha Darwin. Mwaka 1871 aliandika kwamba kipaji cha kutoa na kufurahia sauti za muziki hakimsaidii binadamu katika shughuli zake za kila siku, na kwa hiyo lazima kihesabiwe miongoni mwa vipaji vyake vya ajabu kabisa. Jibu lake likawa mapenzi. Mababu zetu, alidhani, waliimba ili kupata wenzi kama wafanyavyo ndege, kabla hata hawajajua kusema. Ni jibu tamu, na ukitazama video za bongofleva unaweza kushawishika. Lakini mimi nimelelewa Muheza kwenye kwaya ya kanisa ambayo safu yake ya mbele ilijaa bibi waliokwisha kuwazika waume zao, na waliimba kuliko vijana wote. Watoto wa chekechea wanaimba. Waliosimama kaburini wanaimba. Muziki ungekuwa mkia wa tausi, tungetarajia uchanue ujanani, kwa jinsia moja zaidi ya nyingine, kisha unyauke.

Hata ndege wenyewe wamemgeuka mzee wa watu. Alisikiliza ndege wa Uingereza, ambako mara nyingi mwimbaji ni dume. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya taarifa za ndege waimbaji wa dunia nzima walikuta kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya aina walizozichunguza, na kwamba inaelekea ilikuwa hivyo tangu kwa babu yao wa kwanza. Kwa anayeamka mapema huku kwetu hilo si jipya. Yuko ndege wa vichakani, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye dume na jike hupokezana wimbo: mmoja akitoa mlio mwingine anaujazia, kwa usahihi ambao ukisimama mbali utaapa kwamba ni ndege mmoja. Laiti Darwin angemsikia huyu, tungekuwa tunabishana kitu kingine leo.

Mwaka 1997 mwanasaikolojia Steven Pinker akaja na jibu la kuudhi zaidi. Muziki, alisema, ni keki ya masikio. Keki haina nafasi yake katika mageuzi ya viumbe. Inatekenya tu ulimi ambao tayari ulijengwa upende sukari na mafuta. Vivyo hivyo muziki unatekenya ubongo uliojengwa kwa ajili ya lugha na mambo mengine, na ungetoweka leo maisha yetu yangeendelea karibu vilevile. Wapenzi wa muziki wengi walimtukana badala ya kumjibu, na mimi naona hawakumtendea haki. Kuhusu maisha kuendelea vilevile amekosea, na ningemkaribisha msiba mmoja tu wa kwetu aone. Ila hoja yake ina kazi nzuri: inamlazimisha anayesema muziki ni wa maumbile alete ushahidi wa mwilini. Haya, tuulete.

Kwa kawaida ushahidi unaoonyeshwa kwanza ni filimbi. Mwaka 2008, katika pango la Hohle Fels kusini mwa Ujerumani, kikosi cha Nicholas Conard kilichimbua filimbi yenye matundu matano iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tai mzoga. Nyingine kutoka pango jirani la Geissenklösterle zina umri unaozidi miaka 40,000. Ni vitu vya kustaajabisha, vimechongwa na mtu aliyejua anachotaka. Tatizo ni picha inayobaki kichwani mwa msomaji, kwamba muziki ulizaliwa kwenye baridi ya Ulaya na fundi aliyekaa peke yake na mfupa. Binadamu wa aina yetu tayari alikuwepo Afrika kwa zaidi ya miaka 200,000 kabla ya filimbi hizo. Alichopigia ni viganja, miguu, ngozi, kibuyu na gogo, na mchwa hawaweki kumbukumbu. Kinachodumu ardhini ni mfupa, kwa hiyo mfupa ndio tuusome, ila uwe wa mwimbaji mwenyewe.

Mwaka ule wa 1984 ambao wengi wa rika langu tunaukumbuka kwa mambo mengine, magharibi mwa Ziwa Turkana mahali paitwapo Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na mawe yaliyokizunguka. Kimeu alikuwa Mkamba mwenye macho makali kuliko maprofesa wote aliofanya nao kazi, na jina lake lingestahili kujulikana shuleni kama linavyojulikana la akina Leakey. Kutokana na kipande kile wakafukua karibu mwili mzima wa kijana wa Homo erectus, aina ya binadamu wa kale waliotangulia aina yetu, aliyekufa miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita.

Ndani ya uti wa mgongo kuna mfereji wa kupitisha neva. Kwetu sisi, mfereji huo ni mpana sehemu ya kifuani, kwa kuwa neva zinazoendesha misuli ya mbavu na ya tumbo ni nyingi. Hiyo ndiyo misuli inayokuwezesha kuvuta hewa haraka katikati ya mistari miwili, kisha kuitoa kwa kipimo, taratibu, mpaka mwisho wa ubeti. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akitugonga mbavuni kwa rula akisema wimbo unakaa hapa. Sidhani kama alijua alivyokuwa sahihi. Mwaka 1999 Ann MacLarnon na Gwen Hewitt waliilinganisha mifereji ya viumbe mbalimbali. Wa Neandertali, binamu yetu wa kale aliyekwisha kutoweka, ni mpana kama wetu. Wa kijana wa Turkana ni mwembamba, unakaribia wa sokwe. Yaani kijana aliyetembea wima kama mimi na wewe, mwenye miguu mirefu ya kukimbilia, huenda hakuweza kushikilia sauti kwa pumzi moja ndefu. Wamekuwepo wa kupinga, wanaosema mfereji wake haujatoka nje ya kiwango cha watu wa leo, na mabishano yanaendelea. Ila mwelekeo wa swali naupenda: lini pumzi ilianza kutii?

Sokwe haimtii. Msikilize anapopiga ukelele wake mrefu unaopanda. Anatoa sauti akivuta hewa na akiitoa, mlio mmoja kwa kila pumzi. Kooni ana mifuko ya hewa inayokuza sauti na kuifanya nzito, na kile kimfupa kidogo kilicho chini ya ulimi wake kina uvimbe mahali mifuko hiyo inaposhikia. Mwaka 2000 huko Dikika, Ethiopia, ilipatikana mifupa ya mtoto wa kike wa jamii ya Australopithecus, waliotangulia hata Homo erectus, aliyeishi miaka milioni 3.3 iliyopita, na kimfupa kile kilikuwa naye. Kina uvimbe uleule wa sokwe. Sisi hatuna. Kwa hiyo mahali fulani kati ya mtoto wa Dikika na sisi, mababu zetu waliiacha sauti kubwa ya kutisha wakachukua sauti inayoweza kutofautisha a na u. Kama lengo lingekuwa kuvuma tu, ule ungekuwa ubadilishanaji wa hasara.

Kutoka mifupani twende kwa watoto. Mwaka 2009 kikundi cha István Winkler na Henkjan Honing kiliwafunga vifaa vya kupima umeme wa ubongo watoto wa siku mbili tatu waliokuwa wamelala, hospitalini Budapest, wakawapigia mdundo wa ngoma. Kila baada ya muda waliliondoa pigo la kwanza, lile zito ambalo mguu hulitegemea. Ubongo wa mtoto ulishtuka. Yakiondolewa mapigo mengine madogo, haukushtuka. Mtoto hajafungua macho vizuri, lakini anajua pigo lilipaswa kuwa hapa na halipo. Unaweza kusema alijifunza tumboni, kwa moyo wa mama na mwendo wake, na sitabisha sana. Mtoto wa nyani naye alikuwa tumboni mwa mama mwenye moyo.

Uwezo huu ni adimu kuliko tunavyodhani. Mbwa ameishi nasi maelfu ya miaka, amelala chini ya benchi za wapiga ngoma, na hajawahi kutikisa mkia kwa kufuata mapigo. Aliyeweza ni Snowball, kasuku mweupe mwenye kishungi aliyekuwa akitunzwa Indiana, Marekani. Mwaka 2009 Aniruddh Patel na wenzake waliubadilisha mwendo wa wimbo aliozoea kuuchezea, ukaongezwa kasi, ukapunguzwa, na ndege akabadilika nao kwa vipindi. Maelezo ya Patel yalikuwa mazuri: wanaoweza kufuata pigo ni wale wanaoweza kuiga sauti, kwa sababu masikio na misuli yao vimeunganishwa kwa njia maalumu ubongoni. Binadamu anaiga, kasuku anaiga, mbwa haigi. Kisha mwaka 2013 akatokea Ronan, simba bahari wa California asiyejulikana kwa kuiga sauti yoyote, akafundishwa kutikisa kichwa kwa pigo la mashine, na baadaye akaufuata hata muziki ambao hakuwahi kuusikia. Hoja ya Patel haijafa, lakini inachechemea. Wanasayansi hawapendi wanyama wa namna ya Ronan. Mimi nawapenda sana.

Nao sokwe? Hupiga mizizi mikubwa iliyosimama kama ukuta chini ya miti ya msituni, kwa mikono na miguu, na mlio husafiri zaidi ya kilomita moja. Utafiti uliotoka mwaka 2025, uliochambua mapigo hayo katika jamii nyingi za sokwe, ulikuta kwamba hawapigi ovyo. Wa Afrika Magharibi hupiga kwa nafasi zilizo sawa. Wa huku kwetu mashariki, wa Uganda na Tanzania, huchanganya nafasi fupi na ndefu. Nilipoisoma habari ile nilijisikia fahari ya kijinga kidogo, kama timu ya nyumbani imefunga bao. Kwa hiyo mdundo wenyewe ni wa kale, huenda kuliko ukoo wetu na wao ulipogawanyika. Hata hivyo, sokwe anapiga mzizi peke yake, na mwenzake wa mbali akijibu anajibu kwa ukelele au kwa mpigo wake mwenyewe. Hawaingii pamoja na kukaa humo.

Sababu ya sisi kuingia ndiyo iliyowagawa watafiti makundi mawili, na mwaka 2021 makundi hayo yalichapisha makala ndefu mbili kwa pamoja katika jarida moja, yakipingana kwa adabu ya juu juu. La Patrick Savage linasema muziki unaunganisha watu: kuimba na kucheza pamoja kunaamsha ile mifumo ya mwili inayoleta upendo na kuaminiana. La Samuel Mehr linauliza kwa nini kuimba kulete kuaminiana hapo awali, na linajibu kwamba muziki ulianza kama taarifa isiyoweza kughushiwa. Kundi linalopiga na kuimba kwa umoja linawaambia majirani kwamba limekaa pamoja siku nyingi na likishambuliwa litasimama pamoja. Na mama anayeimba anamwambia mtoto kwamba akili yake iko kwake, hata kama mikono iko kwenye mchi.

Hapo kwenye mtoto, Mehr amenipata. Mtoto wa binadamu hawezi kujishikiza kwenye manyoya ya mama yake, maana hayapo. Lazima abebwe au alazwe, na akilazwa chini anahitaji kujua hajatupwa. Huko Montreal watafiti waliwasikilizisha watoto wachanga wimbo wa Kituruki wasioujua, na wengine wakasikilizishwa maneno tu. Waliosikia wimbo walikaa kama dakika tisa kabla ya kuanza kulalamika. Waliosikia maneno, kama dakika nne. Dakika tano za ziada kwa mwanamke aliyeinama shambani si keki. Ni mtama uliopaliliwa.

Lakini hoja ya jeshi linalotishia majirani naiona imekaa kiume mno. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hucheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi. Mioto inazimwa, wanawake wanaimba wakiwa pamoja gizani, na wanaume wanatoka mmoja mmoja na njuga miguuni. Jirani gani anatishwa na kitu kinachofichwa gizani kiasi hicho? Katika msitu wa Ituri, Wambuti huimba kwa sauti zinazoingiliana, kila mtu na kipande chake kidogo na kimya chake, hata wimbo mzima hauko kinywani mwa yeyote. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi nao katika miaka ya 1950, alisubiri kwa hamu kuliona baragumu lao takatifu, molimo, akaletewa bomba la chuma la kupitishia maji. Alipovunjika moyo walimshangaa: linatoa sauti nzuri, tena haliozi kama mti. Wangeweza kuwaambia waakiolojia jambo hilohilo. Sisemi Wahadzabe na Wambuti ni mabaki ya zamani. Historia yao ni ndefu kama yangu na imebadilika kama yangu. Nasema tu kwamba nadharia ya muziki inayoshindwa kuwaeleza haijafika mbali.

Kwa hiyo nasimama na Savage, kwa masharti. Jaribio linalonishawishi kuliko yote ni la Laura Cirelli na wenzake wa Kanada, mwaka 2014. Mtoto wa miezi 14 alibebwa na kurushwarushwa taratibu kwa mapigo ya muziki, akimtazama mtu mzima naye akichezacheza mbele yake. Kwa baadhi ya watoto mtu huyo alikwenda sawa nao, kwa wengine alikosana nao pigo. Baadaye mtu huyo akajifanya ameangusha vitu. Waliokwenda naye sawa walimwokotea zaidi. Mtoto wa umri huo hajui kabila, dini wala chama. Amepewa pigo moja na mtu asiyemfahamu, na hilo limemtosha kuamua huyu ni wa kusaidiwa. Wapiga makasia wa Oxford nao, mwaka 2010, walivumilia maumivu zaidi baada ya kupiga kasia pamoja kuliko baada ya kupiga mmoja mmoja kwa juhudi ileile. Wavuvi wanaovuta chombo kukipandisha pwani hawakuhitaji kuambiwa.

Kinachotofautiana sana ni ladha. Watsimane wa Bolivia, waliopimwa na Josh McDermott na wenzake katika utafiti uliotoka mwaka 2016, hawaoni tofauti ya utamu kati ya noti ambazo mpiga piano anasema zinapatana na zile anazosema zinagombana. Aliyekua na taarabu masikioni hashangai: vituo vyake vingine havimo kwenye piano hata ukiifungua kwa nyundo.

Wapo pia ambao kipaji hiki kimewapita kabisa, watu takriban asilimia 1.5 kwa mujibu wa Isabelle Peretz wa Montreal. Wanasikia vizuri, wanasema vizuri, ila wimbo kwao haushikamani. Che Guevara, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea vitani Kongo, ambako alijiita Tatu, husemwa alikuwa mmoja wao. Rafiki yake Alberto Granado alisimulia kwamba walikubaliana amguse ikipigwa tango, maana Che mwenyewe hakuitambua. Ukapigwa wimbo wa Kibrazili, Granado akamgusa kwa jambo lingine kabisa, na Che akainuka akacheza tango katikati ya watu, kwa moyo wote. Asilimia moja na nusu ni wachache. Wale mnaokataa kujiunga na kwaya kwa madai hayo, nawafahamu, na hamumo.

Mwaka 2022 yakaja matokeo ya vinasaba. Watu 606,825 waliopimwa na kampuni moja ya Marekani walijibu swali fupi: unaweza kupiga makofi kwa kufuata mapigo ya muziki? Majibu yakalinganishwa na vinasaba vyao, zikapatikana sehemu 69 zinazohusika, kila moja kwa kiasi kidogo sana. Kilichonifurahisha ni kwamba vinasaba hivyo vina uhusiano na kasi ya kutembea na utendaji wa mapafu. Mwendo na pumzi, mambo yaleyale tuliyokuwa tunayatafuta Nariokotome. Waliohusishwa walikuwa na asili ya Ulaya, na itakapofika zamu yetu naomba swali libadilishwe. Ukimwuliza mjomba wangu wa Muheza kama anaweza kupiga makofi kwa kufuata mapigo, atasema ndiyo kwa hasira, kisha atakuuliza mbona humwulizi kama anaweza kutembea. Mwulizeni hivi: ngoma ikianza kulegea, wewe ndiye unayeivuta irudi au unayeifuata ilikokwenda? Hapo majibu yatatofautiana, na vinasaba vitapata cha kueleza.